Mashine Iliyolala Nikikaribia

Walisema nimeroga mashine. Naanza hapo, kwa sababu hapo ndipo palipouma, na mtu akikukanyaga kidonda hukumbuki kwanza rangi ya kiatu chake.

Mimi ni mkunga. Si mkunga wa shule. Shule niliiacha mwaka wa pili, nilipokwisha kujua kusoma Biblia ya Kiswahili polepole, na baba akasema inatosha, mihogo haijipalilii yenyewe. Kazi ya kupokea watoto nilifundishwa na mama yangu. Vita vya kwanza vilipotufikia katika wilaya yetu ya Fizi, kando ya ziwa, na vya pili vilipokuja juu ya vile vya kwanza, watu walikimbia, lakini mimba haingoji. Nilipokea watoto katikati ya mihogo. Nilipokea mmoja Swima chini ya mtumbwi uliopinduliwa, mvua inapiga mbao juu yetu. Hakuna aliyewaandika. Daftari langu, ambalo mwalimu mmoja alikuwa akiniandikia, liliungua na nyumba.

Kilichobaki ni kifuko changu cha kitambaa. Kila mtoto aliyelia mikononi mwangu, nilimwomba mama yake haragi moja, punje moja tu ya maharagwe, nikaliweka humo. Haragi jekundu, la madoa, jeupe, lile dogo jeusi la kule juu. Nikilishika haragi namkumbuka mama, nikimkumbuka mama namkumbuka mtoto, mahali, na kilichokuwa kikilia siku ile, jogoo au bunduki. Mengine yametobolewa na wadudu, lakini tundu halifuti jina. Humo humo niliweka ufunguo wa ile nyumba iliyoungua, na kipande cha sumaku cha marehemu mume wangu. Alichimba dhahabu Lulimba. Mchanga wa dhahabu ukishaoshwa na kukauka, wanapitisha sumaku juu yake. Ule mweusi wa chuma unarukia sumaku, dhahabu inabaki chini. Alikitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Shimo lilimwangukia, wakaniletea shati lake na hicho kipande. Ufunguo ulikuwa umekishika siku zote, kama mtoto mgongoni.

Ninayosimulia ni ya wakati watu walikuwa wakirudi kutoka kambi za ng'ambo ya ziwa, lakini bunduki za milimani hazijanyamaza. Tulitangaziwa kwamba tribinali, yaani mahakama, itakuja kukaa Fizi mjini siku chache, iwape karatasi za kuzaliwa watoto waliozaliwa vitani. Asiye na karatasi hafanyi mtihani wa mwisho wa shule. Askari akimsimamisha kwenye kizuizi anamwuliza alitoka nchi gani, na huyo mtoto hajawahi kuvuka hata mto. Walitaka orodha: jina la mtoto, la mama, mahali, mwaka, na shahidi aliyekuwepo akizaliwa. Kwa watoto wengi wa kwetu, shahidi aliyebaki hai ni mimi. Mama wengine walikwisha kufa. Mimi nikiondolewa, mtoto anabaki hewani.

Komite ya orodha ilikaa Baraka, mji wetu wa ziwani, katika chumba nyuma ya kanisa. Prezida wake, yaani mwenyekiti, alikuwa mtu wa kanisa, mwenye koti na kalamu mbili mfukoni. Mwandishi alikuwa binti yangu wa mwisho, aliyejifunza mashine kambini. Mashine yenyewe ni ile ndogo ya kufunika, wanayoiita laptopu, iliyoachwa na mradi mmoja uliofunga kazi. Ndani haikuwa na ile akili ambayo vijana wa Baraka wameizoea. Ilikuwa na nyingine inayoitwa Linux, na binti yangu peke yake ndiye aliyeelewana nayo. Umeme ulitoka kwenye pano ya jua juu ya bati.

Tulianza asubuhi. Meza ilikuwa ndogo, imejaa mashine na makaratasi, kwa hiyo nikaweka kifuko changu juu ya mashine yenyewe, pembeni kushoto, pale mbele ya herufi ambapo mwandishi hupumzisha kiganja. Natoa haragi, nasema, yeye anaandika. Haragi la tatu, kioo kikawa cheusi.

"Mama, umegusa nini?"

"Niguse nini? Mikono yangu iko na maharagi."

Akabonyeza, mashine ikaamka. Nikatoa haragi lingine, nikarudisha kifuko, ikalala tena. Ikawa hivyo siku nzima. Mara inakubali majina kumi, mara inakataa hata moja. Siku ya pili nilichelewa kwa sababu ya mama mmoja aliyekuwa na uchungu, na binti yangu akanakili barua za prezida asubuhi yote bila mashine kupepesa. Nilipoingia na kuketi, ikalala. Prezida alikuwa mlangoni. Aliona. Alitabasamu upande mmoja.

Binti yangu hakuwa mtu wa kubahatisha. Alifungua mahali fulani ndani ya mashine, akasoma mistari.

"Iko naandika kila kitu inafanyiwa," akaniambia. "Ona. Saa tatu na dakika kumi, kifuniko kimefungwa. Saa tatu na dakika kumi na moja, kifuniko kimefunguliwa. Saa tatu na kumi na mbili, kimefungwa."

"Nani alifunga?"

"Hakuna."

"Basi mashine yako iko muongo."

"Haijue kudanganya, mama. Iko naamini kifuniko kimefungwa, njo maana inalala. Imefundishwa vile, ukifunika ilale, isimalize batri."

Akafuta bawaba za kifuniko kwa kitambaa. Akakaza misumari midogo kwa ncha ya kisu. Akakifungua kifuniko mpaka kikalala nyuma kabisa. Kazi bure, kifuko changu kikirudi mezani inalala, ila wakati ule hakuna kati yetu aliyesema neno kifuko. Tulisema "mashine." Mwishowe akaandika amri ndani yake, mstari mmoja tu.

"Nimeiambia isijali kifuniko. Kifungwe, kifunguliwe, yeye aendelee."

Na kweli, iliendelea. Siku mbili tuliandika kama watu wanaovuna. Ndipo nikafika kwenye haragi dogo jeusi, la mama mmoja wa juu milimani, wa wale wanaochunga ng'ombe na kusema Kinyarwanda, ambao wengi wa kwetu huwaita wageni. Alijifungulia kwangu akikimbia kama sisi tulivyokuwa tukikimbia.

Prezida akainua kichwa. "Koko," akaniita, kama wanavyowaita bibi kwetu, "hata ule utamuandika?"

"Alizaliwa wapi?"

"Mi sijue."

"Mi najua. Alizaliwa Fizi, hapa, mu hii mikono. Andika," nikamwambia binti yangu.

"Batu batasema nini?" prezida akauliza.

"Waseme wakimaliza kuzaa."

Akafunga kalamu yake. Tangu siku ile alianza kunitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kushika.

Kesho yake risasi zililia upande wa barabara ya Fizi. Si mbali. Baraka ikamwagika kuelekea ziwani na kaskazini. Binti yangu akafunika mashine, akaitia kwenye mfuko wake, mimi nikaifunga mgongoni kwa vitenge viwili kama mtoto, kwa sababu vibebeo vyake vilikuwa vimekatika na mikono yangu ilikuwa na sufuria. Tukafuata njia ya Swima. Jua lilikuwa juu kabisa.

Hatujaenda saa moja, nikasikia joto mgongoni. Si joto la jua. Nimebeba watoto wangu na wa watu, najua mgongo wangu.

"Huyu iko na homa," nikasema.

"Nani?"

"Mashine yako."

"Imelala, mama. Niliifunika."

"Haijalala. Simama uiguse."

Akaweka kiganja, akakitoa haraka. Tulipoifungua kando ya njia ilikuwa moto kama sahani iliyosahauliwa mekoni, inapuliza, kisha kioo kikazimika chenyewe. Batri imekwisha. Binti yangu akakaa chini kwenye majani, akajishika kichwa. Yeye ndiye aliyeiambia isijali kifuniko. Kwa hiyo ilikaa macho ndani ya mfuko, ndani ya vitenge, ikifanya kazi gizani mpaka ikajimaliza.

Nilimkaripia pale pale barabarani, watu wanapita na magodoro. Nilimwambia dawa inayonyamazisha maumivu bila kuuliza yametoka wapi inaua mgonjwa. Nilikuwa na hasira na bunduki pia, lakini bunduki haina masikio.

Swima hatukukaa siku nyingi. Tuliporudi Baraka mashine ilipata umeme, na majina yalikuwemo, isipokuwa yale ya asubuhi ile ya kukimbia, ambayo niliyasema upya. Binti yangu akaifuta ile amri. Alisema hawezi kuiacha, maana tunaweza kukimbia siku yoyote, na tukiifunika lazima ilale, la sivyo siku nyingine itaungua kweli. Nilikubali. Nikaketi, nikaweka kifuko mahali pake, na kioo kikawa cheusi.

Safari hii chumba kilikuwa na watu, kama kumi hivi, waliokuja kuuliza kama watoto wao wameandikwa. Prezida akapiga kiganja mezani polepole.

"Bamama na bababa, mumeona na macho yenu. Koko akiwa nyumbani, mashine iko muzima. Koko akikaa, inakufa. Mi sisemi kitu. Niko nauliza tu, ile kitu inazima chuma, inafanyaka nini kwa mutoto?"

Mtu mmoja akacheka. Kisha wawili. Mama mmoja niliyempokelea watoto watatu akavuta yule mdogo karibu na sketi yake. Huyo ndiye aliyenikata maini, si prezida.

"Tutafute shahidi mwengine," prezida akaendelea. "Tribinali haiwezi kusikiliza muntu wa namna hii. Na mashine tupeleke kwa fundi, aifute yote, aweke ile ya batu bote."

"Aifute na majina?" binti yangu akauliza.

"Tutaandika mapya. Yenye kufaa."

Hapo nikaelewa. Majina yanayofaa. Haragi jeusi halikumtoka kooni.

Msomaji wa mbali asidhani ni mzaha wa kijinga. Kwetu, miaka ile, neno mulozi, yaani mchawi, likimshika mama mzee halimwachi. Nilimjua mmoja, jirani yangu wa zamani, wapiganaji walimtoa nyumbani kwa neno la mtu mmoja tu, hakurudi, na sisi tulisikia na hatukutoka nje. Mimi pia sikutoka. Kwa hiyo prezida alipotabasamu nilijua anachonishikia, na alijua kwamba najua.

Niliichukua mashine mezani, nikaifunga mgongoni, nikatoka nayo mbele yao wote. Binti yangu akanifuata mbio mpaka nyumbani.

"Mama, watasema tumeiba."

"Waseme. Wamekwisha sema kubwa. Keti. Nisomee zile saa zote."

Akasoma. Siku na saa, kimefungwa, kimefunguliwa. Nikamwuliza kila mara nani alikuwa chumbani. Siku nilipochelewa, hakuna mstari hata mmoja. Siku niliyotoka kwenda kunywa maji, hakuna mpaka niliporudi. Alipofika nusu sauti yake ilipungua.

"Mama, ni kweli ni wakati we uko."

"Najua. Yule mtu ni mbaya, lakini macho yake si mabovu. Ni mimi. Sasa tutafute ni nini yangu."

Akanitazama kwa woga kidogo. Mwanangu mwenyewe. Nilimeza hilo pia.

Sasa, mama akishindwa kujifungua, sisi wa zamani tunafanya hivi: tunafungua mafundo yote. Kilemba, mkanda, kamba ya mlango, mdomo wa gunia, hata nywele zilizosukwa. Hakuna kinachobaki kimefungwa ndani ya nyumba ile. Wauguzi wanatucheka, wacheke. Katika kufungua huko, mara nyingi nimeona kweli kilichomkaba mama, kamba aliyojifunga tumboni akaisahau, au hirizi aliyopewa na mkwe. Basi nikafanya vile vile. Nikavua kilemba, nikakiweka juu ya mashine, pembeni kushoto. Ikabaki macho. Nikafungua kitenge cha juu, nikakiweka. Macho. Bangili ya shaba, macho. Nikaweka kiganja changu kitupu, nikakibonyeza, nikamwambia kama nina ulozi utoke sasa. Mashine ilinitazama tu.

Nikaweka kifuko. Giza.

"Kiondoe," binti yangu akasema kwa sauti ndogo. Nikakiondoa, akabonyeza, ikaamka.

Nikafungua fundo la kifuko, nikamimina kila kitu kwenye mkeka. Maharagi yote nikayaweka juu ya mashine kwa pamoja. Macho. Nikachomoa ufunguo kutoka kwenye sumaku, nikauweka. Macho. Nikaishika sumaku ya mume wangu kwa vidole viwili, nikaishusha pembeni kushoto, na kabla haijagusa, kioo kikazimika.

Binti yangu akaanza kucheka, cheko la mtu aliyechoka. Mimi sikucheka. Nilichukua sindano ya kushonea, nikaipitisha kwenye ukingo wa kifuniko, upande ule ule wa kushoto. Mahali pamoja, karibu na kona, sindano ikaruka ikashika. Kifuniko nacho kilikuwa na sumaku yake ndogo, imefichwa ndani. Ukikifunga, sumaku inafika juu ya ile kona ya chini, na chini kuna kitu kinachoisikia, kinasema kimefungwa, lala. Mashine haina macho. Haioni kifuniko, inasikia sumaku. Na mimi kila siku nilikuwa nikiiwekea sumaku nyingine pale pale, kubwa kuliko yake, na kuitoa, na kuiweka.

"Papa alikuwa nafunga mashine yetu," binti yangu akasema.

"Papa yako hakuwa na lawama. Mi njo niliweka."

Ni kosa langu, sikatai. Lakini kosa ni kitu kimoja, na jina walilonipa ni kitu kingine.

Asubuhi ya kikao kilichofuata nilienda mapema, nikairudisha mashine mezani, nikakaa mwisho wa benchi, mbali na meza. Chumba kilijaa, maana habari ya ulozi hujaza watu kuliko habari ya karatasi. Binti yangu aliwasha mashine. Nikasimama, nikamwendea prezida.

"Prezida, nyoosha mukono."

"Ya nini, koko?"

"Unaogopa mukono wa muzee?"

Watu wakacheka, akanyoosha. Nikamwekea sumaku kwenye kiganja. "Weka pale."

"Hii ni nini?"

"Weka, kisha uliza."

Akaweka. Kioo kikawa cheusi mkononi mwake. Akaitoa haraka, akaangalia vidole vyake, kama vile vina masizi.

"Leo nani ameroga?" nikamwuliza.

Mzee mmoja aliyewahi kuchimba Lulimba akainuka nyuma, akaja, akaitazama ile sumaku, akaanza kutikisa mabega kwa kicheko. "Hii ni ya kusafisha muchanga. Hata mi niko nayo ku nyumba. Prezida, basi na mi niko mulozi?" Nikampa sindano yangu na kumwonyesha ile kona, naye akawaita watu mmoja mmoja akiwaonyesha sindano inavyoruka kwenye kifuniko, na kila aliyeona alitaka kujaribu mwenyewe, mpaka binti yangu akawakatalia kwa sababu ya batri.

Prezida alikwisha kupata tabasamu lake tena. "Koko, tulikuwa nachekesha tu. Sisi ni batoto yako."

"Mtoto wangu ni nani? Kaa hapo." Nikaketi, safari hii kifuko kikiwa mapajani. Nikatoa haragi la madoa. "Huyu ni wa binti yako. Alijifungulia kwenye mihogo ya watu, siku mulitoroka, na we mwenyewe ulikuwa mbele na baiskeli, hukugeuka. Mutoto alitoka na kitovu shingoni. Mi nilikitoa. Leo iko mu darasa la sita, na hana karatasi, na shahidi wake ni muntu mumoja tu. Nikuwe mulozi, ao niandike?"

Kalamu zake mbili zilikuwa mfukoni.

"Nauliza. Niandike?"

"Andika, koko."

"Na yule wa haragi nyeusi?"

Alichelewa. Watu wote walisikia akichelewa. "Andika."

Binti yangu akaandika yote mawili, moja chini ya jingine, na mashine haikulala mpaka alipoifunika mwenyewe jioni, na alipoifunika ililala mara moja.

Tribinali ilikuja. Nilipanda Fizi na kifuko changu, bila sumaku, na jaji alinisikiliza siku mbili, haragi kwa haragi. Mara moja aliniuliza ninakumbukaje, nikamwonyesha, hakucheka. Watoto walipata karatasi zao. Yule mama aliyemvuta mtoto wake karibu na sketi alikuja kunishika mkono nje, nikampa mkono, lakini sikuuacha ukae.

Prezida hajawahi kusema nisamehe. Kila mwaka siku za samaki wengi ananiletea kuhe mmoja mkubwa, anamwacha mlangoni, anasema ni wa koko. Namla. Samaki hakunitukana. Sumaku nimeifunga kwenye pindo la kitenge upande wa kulia, na nikikaa karibu na binti yangu akiandika, nakaa kulia kwake, pindo liwe mbali, kwa sababu mashine pia haina kosa.